Jinsi ya Kuwasikiliza ELO: Zifuate Fidla, Utaijua Bendi Nzima

Electric Light Orchestra, au ELO kama wapenzi wake tunavyoiita, ni bendi ambayo karibu kila mtu ameshaisikia bila kujua ni nani anayepiga. Wimbo wao wa "Mr. Blue Sky" umetumika kwenye matangazo ya biashara, unapigwa uwanjani kwa timu ya Birmingham City, na mwaka 2017 ulisikika mwanzoni mwa filamu moja ya Marvel. Basi kijana anaupenda, anaingia YouTube, anafungua orodha ya nyimbo zao bora na kusikiliza tano au sita zilizochanganywa hovyo: moja ya disko, moja ya opera, moja ya roki nzito. Anachoka, anasema hawa jamaa hawaeleweki.

Wanaeleweka, ila wanataka mpangilio. Mimi hutumia njia moja kumfundisha mtu kuwasikiliza: aliache gitaa, aiache hata sauti ya mwimbaji wao, Jeff Lynne, kwa muda, azifuate fidla. Historia yote ya bendi hii iko kwenye nyuzi zake. Zilianza na chelo chache (fidla kubwa za sauti nzito) zilizorekodiwa moja juu ya nyingine, zikawa okestra kamili, kisha mwaka 1979 wapigaji wake wakaachishwa kazi. Ukijua fidla ziko wapi, unajua uko mwaka gani.

Kwanza, vifaa

Sabufa ya sebuleni ndiyo adui wa kwanza. Chelo na gitaa la besi huishi jirani katika muziki huu, na ukiongeza besi unaizika chelo moja kwa moja. Tumia hedifoni, za waya za bei ya kawaida zinatosha kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya simu uzime kila kinachojiita kiongeza besi. Hakikisha sikio la kushoto limevaa upande wa kushoto, maana Lynne alikuwa mtu wa kutawanya sauti: mwitikio unatokea huku, fidla zinajibu kule. Spika ndogo ya simu hukusanya vyote katikati na nusu ya kazi inapotea.

Halafu zima ule uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Kuna albamu mbili hapa ambazo sehemu zake zimeshonwa pamoja, wimbo mmoja ukimwagikia mwingine, na tangazo la YouTube likiingia katikati linaharibu kila kitu. Kama bando ni la kuhesabu, tafuta Wi-Fi, zipakue mapema.

Pili, hakikisha unasikiliza ELO yenyewe

Hapa wengi hupotea bila kujua. Majina matatu yanafanana sana. Electric Light Orchestra ni bendi iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1970 na ikavunjika 1986. ELO Part II lilikuwa kundi la mpiga ngoma Bev Bevan, lililoanza baada ya hapo bila Lynne. Jeff Lynne's ELO ni jina alilolitumia Lynne mwenyewe aliporudi jukwaani kuanzia 2014.

Mtego mkubwa zaidi ni wa mwaka 2012. Lynne alirudia kurekodi nyimbo zake maarufu nyumbani, akipiga karibu kila ala mwenyewe, akazitoa kwenye albamu ya mkusanyiko yenye jina la "Mr. Blue Sky". Zimesafishwa, zinang'aa, na kwangu mimi zimepoa. Lile vumbi la wanadamu kadhaa ndani ya chumba kimoja halipo. Kwa hiyo usiangalie jina la wimbo pekee, angalia na jina la albamu. "Mr. Blue Sky" unayoitaka iko ndani ya "Out of the Blue" ya 1977. "Evil Woman" unayoitaka iko ndani ya "Face the Music" ya 1975. Ukiona 2012, pita.

Tatu, anzia katikati: 1976

Usianzie albamu ya kwanza. Anza na "A New World Record", ambayo kwangu ndiyo kazi yao bora kuliko zote, na najua wapenzi wengi wataniona nimekosa adabu kwa kuiweka juu ya "Out of the Blue". Ni fupi, haina wimbo wa kujaza nafasi, na okestra na bendi zimekaa sawa: hakuna anayembeba mwenzake.

Weka "Livin' Thing" uisikilize mara tatu. Mara ya kwanza sikiliza kawaida, upende usipende. Mara ya pili fuata fidla tu, tangu ile ya mwanzo ya Mik Kaminski inayoteleza na kulia. Utagundua kwamba fidla hazikai nyuma ya mwimbaji kama pazia. Zinamsubiri amalize mstari, kisha zinasema la kwao. Mahali ambapo bendi nyingine ingeweka gitaa la kujibu, Lynne ameweka nyuzi. Mara ya tatu shuka chini kabisa, usikilize chelo na besi zinavyosukuma wimbo mbele.

Msikilizaji aliyekulia Unguja au Mombasa na taarab asilia ana faida hapa, kwa sababu sikio lake limeshazoea safu ya fidla inayobishana na mwimbaji. Tofauti aitafute katika jambo moja: kwenye taarab fidla zote kwa kawaida hushika tuni ile ile, kila mmoja akiipamba kidogo, ilhali kwa ELO zinagawanyika, hizi juu, hizi katikati, chelo chini, na utamu unatokana na zinavyogongana.

Ukishaweza hivyo, nenda kwenye "Telephone Line". Ni mtu anayempigia simu mwanamke asiyepokea, basi, hakuna zaidi. Ule mlio wa simu wa mwanzoni una kisa chake: walitaka mlio wa Kimarekani, kwa hiyo wakiwa Ulaya walipiga namba ya Marekani wakijua hapana atakayepokea, wakausikiliza, kisha wakautengeneza upya kwa sintesaiza ya Moog, kinanda cha umeme kinachounda sauti. Sauti ya Lynne mwanzoni imebanwa ili isikike kama inatoka ndani ya waya wa simu. Halafu wimbo unafunguka, nyuzi zinaingia, na hapo ukiwa na hedifoni utaelewa kwa nini nilikukataza spika ya simu. Waitikiaji wanaimba ule mtindo wa vijana wa Kimarekani wa miaka ya 1950, wa kuimba silabi zisizo na maana, juu ya okestra ya Kizungu yenye suti. Kwenye karatasi mchanganyiko huo ni upuuzi. Masikioni unafanya kazi.

"Rockaria!" ni mzaha wao wa makusudi: msichana anayependa watunzi wa opera, Wagner na Puccini, anakutana na roki. Mwimbaji wa opera, Mary Thomas, aliwahi kuingia mapema wakati wa kurekodi, na kosa lile wakaliacha ndani ya wimbo. Sikiliza sekunde za mwanzo utalisikia.

Nne, rudi kwenye shina

Sasa ndiyo uende 1971. Wakati ule kulikuwa na bendi ya Birmingham iitwayo The Move, na ndani yake walikuwamo Roy Wood, Jeff Lynne na Bev Bevan. Wood na Lynne walitaka kuanzia pale The Beatles walipoishia na "I Am the Walrus": roki ambayo nyuzi zake ni sehemu ya mwili. Siku moja walikuwa wakirekodi wimbo wa Lynne uliokusudiwa upande wa pili wa santuri ya The Move. Wood alikuwa amenunua chelo ya bei rahisi iliyotengenezwa China, akaanza kuipiga juu ya wimbo ule kama anavyopiga gitaa la roki, mstari juu ya mstari, mpaka chelo zikawa jeshi. Huo ndio "10538 Overture". Namba hiyo ni ya mfungwa anayetoroka, na imetoka mahali pa kawaida kabisa: Lynne aliona 1053 kwenye mtambo wa studio, Wood akashauri waongeze 8 ili itoshee kwenye tuni.

Usisikilize wimbo huu ukitafuta uzuri. Chelo zinakwaruza, zinanguruma, hazina adabu yoyote. Hiyo ndiyo raha yake, na sijawahi kuipata tena kwenye albamu nyingine yoyote ya ELO, kwa sababu Wood aliondoka 1972 na kuanzisha Wizzard. Lynne akabaki na bendi, na Lynne ni mtu wa usafi.

Nchini Marekani albamu hiyo ya kwanza ilitoka kwa jina la "No Answer". Mtu wa kampuni ya rekodi alipiga simu Uingereza kuuliza jina la albamu, hakupata mtu, akaandika kwamba hakuna jibu, na maandishi hayo yakachapwa kama jina.

Albamu ya pili, ya 1973, iruke yote isipokuwa "Roll Over Beethoven". Nyingine ni ndefu bila sababu. Hii imechukua wimbo wa Chuck Berry wa kumtania Beethoven na kuufungulia kwa zile noti nne za Simfoni ya Tano ya Beethoven mwenyewe. Kwenye albamu inazidi dakika nane. Kama hamu ni ndogo, tafuta ile iliyofupishwa. Kwenye albamu ya tatu, ya mwaka ule ule, sikiliza "Ma-Ma-Ma Belle", lakini kwa ajili ya gitaa la mgeni: ni Marc Bolan wa T. Rex.

Tano, "Eldorado" kwa mkupuo mmoja

Tenga muda. Usifue, usipike, usijibu ujumbe.

Mpaka hapo ELO ilikuwa na fidla moja na chelo mbili, na studio ndiyo iliyokuwa ikizizidisha. Mwaka 1974 Lynne aliamua kukodi okestra kamili na waimbaji wa kwaya. Baba yake, mpenzi wa muziki wa kiklasiki, alikuwa amemwambia kwamba tatizo la nyimbo zake ni kuwa hazina tuni, na Lynne akamjibu kwa albamu nzima. Kazi ilifanywa na watu watatu: Lynne mwenye tuni, Richard Tandy kwenye kinanda, na kijana Louis Clark anayezipanga kwa ajili ya okestra na kuiongoza. Kumbuka jina la Tandy. Magazeti yalimwandika Lynne, lakini piano na sintesaiza nyingi unazozipenda kwa ELO ni za huyu bwana mtulivu, aliyefariki 2024.

Hadithi ya albamu ni ya mtu wa kawaida anayetoroka maisha yake kwa kuota mchana: mara yuko na mashujaa wa msituni, mara ni askari aliyerudi kutoka vitani na hataki tena kushika silaha. Sikiliza zile sekunde ambapo wimbo mmoja unakwisha na mwingine unaanza. Okestra ndiyo inayomvusha mwotaji kutoka ndoto moja hadi nyingine, bendi imenyamaza. Kisha fika "Can't Get It Out of My Head". Mwendo ni wa pole, piano inashika njia, kwaya inapanda nyuma. Ulifika namba 9 Marekani na kuwafungulia soko lile, huku nyumbani Uingereza albamu ikipita bila kushtua mtu.

Sita, kazi ya mikono: geuza sauti

Kuanzia 1975 bendi ilihamia Musicland, studio ya Giorgio Moroder iliyokuwa chini ya jengo la hoteli mjini Munich, Ujerumani, pamoja na fundi mitambo Reinhold Mack. Hapo ndipo sauti ya ELO tunayoijua ilipozaliwa: ngoma kavu na nzito, gitaa zisizo za umeme zimerundikwa, waitikiaji juu kabisa.

Albamu ya kwanza ya huko, "Face the Music", inafunguliwa na "Fire on High", na ndani yake kuna sauti ya kutisha isiyoeleweka. Kundi hili lilikuwa limeshutumiwa na Wakristo fulani wa Marekani kwamba limeficha ujumbe wa kishetani kwenye "Eldorado", ujumbe unaosikika ukigeuza santuri. Lynne akaona basi, mnataka ujumbe, nitawapa. Jaribu mwenyewe: weka wimbo kwenye kompyuta, ufungue kwa Audacity, programu ya bure, chagua kipande cha mwanzoni chenye sauti ile, tumia amri ya kugeuza nyuma mbele, kisha sikiliza. Utamsikia Bev Bevan akisema kwa Kiingereza kwamba muziki unaweza kugeuzwa lakini wakati haugeuziki, rudi nyuma, rudi nyuma.

Kwenye albamu hiyo hiyo kuna mchezo mwingine mgumu zaidi kuukamata. Katika "Evil Woman" kuna mahali nyuzi zinajitokeza ghafla kama zimevutwa kwa kamba. Kipande hicho kimechukuliwa kutoka wimbo mwingine wa albamu, "Nightrider", kikageuzwa. Sikiliza nyimbo hizo mbili kwa kufuatana mpaka uupate undugu wao.

Saba, subiri mvua

Sifanyi mzaha. "Out of the Blue" ya 1977 ilikuwa santuri mbili, pande nne, dakika takriban 70. Lynne alijifungia kwenye nyumba ya milimani Uswisi akaandika karibu albamu nzima kwa wiki tatu na nusu. Siku za mwanzo ilikuwa ukungu na mvua, hakuandika cha maana. Jua lilipotokea na milima ikaonekana, ndipo "Mr. Blue Sky" ikaja.

Kwa hiyo usiisikilize peke yake. Upande wa tatu wa santuri una kichwa chake, "Concerto for a Rainy Day", na una nyimbo nne kwa mpangilio huu: "Standin' in the Rain", "Big Wheels", "Summer and Lightning", ndipo "Mr. Blue Sky". Radi inayosikika mwanzoni ni ya kweli, ilirekodiwa Munich. Ukipitia nyimbo tatu za manyunyu na huzuni, ile piano inayogonga mapigo sawasawa inapoanza, utajua furaha yake imetoka wapi. Mtu aliyeanza na wimbo wa nne amekula halua bila kahawa.

Ndani yake fuatilia mambo haya. Kuna kengele ya chuma inayogongwa: ni mtungi wa kuzimia moto, Bevan akiupiga. Kuna pumzi za kuhema pale maneno yanaposema mtu anakimbia. Kuna sauti ya roboti inayotaja jina la wimbo: ni vokoda, chombo kinachochanganya sauti ya mtu na sintesaiza. Na karibu dakika ya mwisho bendi inakaa pembeni, okestra na kwaya wanauchukua wimbo na kuugeuza kuwa kitu kama mwisho wa simfoni. Watu wengi hukata hapo wakidhani wimbo umekwisha. Usikate. Mwishoni kabisa vokoda inarudi na kutamka maneno ambayo wengi husikia kama jina la wimbo, kumbe inaomba igeuzwe: ulikuwa mwisho wa upande wa tatu, na msikilizaji alitakiwa ainuke akaigeuze santuri.

Zilizobaki humo, chukua "Turn to Stone" na "Sweet Talkin' Woman" kwa nyuzi zinazokimbia. Nyingine unaweza kuzichelewesha.

Nane, fidla zinapoondoka

Albamu ya "Discovery" ya 1979 ina disko nyingi, na mimi sina ugomvi na disko. "Last Train to London" ina besi tamu sana. Lakini weka "Don't Bring Me Down" utafute fidla. Hazipo. Ni wimbo wao uliofika juu kuliko zote nchini Marekani, namba 4, na hauna nyuzi hata moja. Ngoma zake ni kipande kilichokatwa kutoka wimbo mwingine wa albamu hiyo hiyo, kikapunguzwa kasi na kuzungushwa. Kaminski na wapiga chelo wawili, Hugh McDowell na Melvyn Gale, hawakuwa tena na nafasi.

Kwenye kiitikio cha wimbo huo Lynne anatamka neno la kubuni, "grooss", watu wakasikia "Bruce", wakawa wanauliza Bruce ni nani. Mwisho naye akakubali yaishe, akawa anaimba "Bruce" jukwaani.

"Time" ya 1981 ni ya mtu wa miaka ya 1980 aliyejikuta mwaka 2095. Sintesaiza zimeshika kazi ya nyuzi. Isikilize, hasa "Twilight" na "Ticket to the Moon", kwa sababu wengi huidharau bila haki: Tandy anakaribia kuwa okestra yeye mwenyewe. Baada ya hapo mpaka 1986 mimi huchagua wimbo mmoja mmoja, sisikilizi albamu.

Tisa, msake Lynne kwa wengine

Ukifika hapa sikio lako limeshaijua alama yake ya vidole. Ijaribu kwenye "Cloud Nine" ya George Harrison ya 1987, "Full Moon Fever" ya Tom Petty ya 1989, au "You Got It" ya Roy Orbison. Zote zimepita mikononi mwa Lynne kama mtayarishaji. Zile ngoma kavu, zile gitaa zisizo za umeme zilizorundikwa, utazitambua kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Mwaka 1995 The Beatles watatu waliobaki walipokamilisha "Free as a Bird" kutoka kanda ya John Lennon, aliyeketi mtamboni ni yeye, yule kijana aliyetaka kuendelea pale walipoishia.

Kwa upande wa jukwaani, kuwaona tena ni vigumu: onyesho la kuaga lililopangwa Hyde Park, London, Julai 2025 lilifutwa kwa sababu ya afya ya Lynne. Badala yake tafuta video ya onyesho la hapo hapo Hyde Park la Septemba 2014, akiwa na BBC Concert Orchestra. Tandy yuko kwenye piano, okestra ni ya watu hai, na "Mr. Blue Sky" ipo. Itazame kwenye televisheni kama unayo, na hiyo siku moja nakuruhusu kuwasha sabufa.